Kilio Kilichofutwa

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa tano 2024

Kwako Ya Ngalula,

Jambo sana. Sisi huku tuko wazima. Homa ya Gaëlle imepoa, amerudi shuleni. Na wewe, mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Ndola, Zambia? Mama Lombe, anayekuletea barua hii, anasema umekonda. Lakini namjua: kwake, kila mtu asiyekula bukari, ugali wa mikono yake, amekonda. Ameniambia ataendelea kubeba barua zetu kila anapovuka mpaka kununua bidhaa. Hataki kujua kilichomo ndani.

Yaya, dada yangu mkubwa, keti kwanza. Video zako nimezifuta.

Unajua diski kubwa ya studio nimeigawa sehemu tatu, volume tatu. Volume ya kwanza ni ya kazi za sasa. Mbili zinazobaki zinaitwa KILIO. Moja ni ya Papa Rigobert, ambaye nilimpigia video ya mazishi ya baba yake. Nyingine ni yako. Wewe mwenyewe ulitaka iitwe hivyo, ili mtu akifungua kompyuta yangu aone msiba wa watu na kuachana nayo.

Jumamosi iliyopita familia ya Papa Rigobert walitoa kilio: walinyoa, wakavua nguo nyeusi, wakala. Nikawapa filamu yao. Sharti langu unalijua: kilio kikishatolewa, sifungui tena picha za marehemu. Nafuta volume bila kuangalia ndani. Watu wa mtaa wetu wa Kampemba wananiletea misiba yao kwa sababu hiyo. Nikawasha kompyuta, courant ya umeme ikakatika, ikarudi, kompyuta ikajiwasha upya na kupanga volume kwa namna nyingine. Mimi nikabonyeza ya chini, kama siku zote. Ya chini ilikuwa yako. Kisha nikaanza kumwaga humo video za harusi ya Plamedie, binti wa jirani yetu.

Jioni Papa Rigobert akarudi kuomba picha moja ya kaburi. Nilikuwa tayari kumwambia nimeshafuta. Nikaangalia: msiba wake wote ulikuwa pale pale.

Adalbert alizifuta video zake kwenye simu baada ya kukupa, uliniambia. Wewe unayo nakala? Niandikie kwamba unayo. Nisamehe, yaya. Kweli nisamehe.

Mdogo wako,
Élie


Ndola, tarehe 7 mwezi wa tano 2024

Mdogo wangu Élie,

Nakusalimu wewe, mama Gaëlle na watoto. Mgongo unauma asubuhi, mchana unaniacha. Nafurahi kwa homa ya mtoto, lakini mpimeni damu hata hivyo.

Usiombe msamaha tena kwenye barua. Unachukua nafasi ya habari ninazohitaji.

Nakala sina. Nilikuwa nayo kwenye clé ya USB, nikaitupa ndani ya choo mpakani Kasumbalesa siku nilipovuka kuja huku, nilipoona wanafungua begi la kila mwanamke kwenye foleni. Kilichobaki ni diski yako tu.

Ichomoe. Usiiwashe hata kuangalia. Ukifuta volume kwa namna uliyoifuta, kinachotoweka ni orodha ya majina. Picha zenyewe zinabaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu. Harusi imeandikwa juu ya kitu fulani, na kitu hicho kimekufa. Hatujui bado ni kipi.

Tafuta fundi. Asifanye kazi juu ya diski yenyewe. Kwanza anakili volume nzima, na pale panapoonekana patupu pia, kwenye diski nyingine, halafu atafute ndani ya nakala hiyo. Fundi akikataa, mwache. Diski ya nakala iwe ya kwako, na wewe ukae pale mpaka amalize.

Sasa soma hapa mara mbili. Adalbert ni mlinzi wa depo ya madini. Alipiga video za malori yakimwaga maji ya asidi katika mto Naviundu wakati wa mvua, na kwenye mlango wa kila lori namba inasomeka. Hizo zinawashtaki wenye depo. Halafu kuna mazungumzo niliyomrekodi mimi. Alikaa mbele ya kamera, akataja jina lake, akasema analala wapi, kwa sababu nilimwahidi nitaficha uso na kubadilisha sauti kabla hajaonwa na mtu yeyote. Sijaficha chochote bado. Mazungumzo yale yakiwa na malori ni ushahidi. Yakiwa peke yake yanamwonyesha mtu wa kupigwa, basi.

Jina la Adalbert usilitamke mbele ya fundi.

Yaya wako,
Ngalula


Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa tano 2024

Kwako Ya Ngalula,

Jambo, na pole na mgongo. Damu ya Gaëlle tumepima, ni safi. Mama Gaëlle amekuwekea samaki wakavu kwa Mama Lombe. Wakifika pungufu, usimuulize.

Fundi nimempata. Anaitwa Précieux, ana meza yake karibu na soko la Kampemba, anatengeneza simu na kompyuta. Ni mtu wa kelele nyingi. Nilipomwambia nimefuta volume isiyo yenyewe, aliita wenzake wa meza za jirani waje wamwone mtu aliyefuta harusi ya watu.

"Kuyeni muone! Huyu njo alifuta ndoa ya bantu!"

"Si ndoa," nikasema. "Ni kilio."

"Bo, marehemu alikufa mara mbili. Patron, usilie. Disque iko muzima, ni njia tu ilipotea. Mimi nitaenda kumutosha ule marehemu inje ya kaburi."

Wote walicheka, na mimi nilicheka kidogo. Anajua kazi, yaya. Kabla sijafungua mdomo alisema yeye hagusi diski ya mteja, anatengeneza nakala kwanza. Maneno yako yale yale.

Sasa nikwambie lililobaki. Diski tupu ya ukubwa ule mimi sina. Nakala inaenda kwenye diski yake. Na courant inakatika kila mara. Kunakili kukikatika anaanza upya, kwa hiyo anataka kuifanya kazi hiyo kwa jenereta ya duka la nyuma wanapofunga. Nilikaa siku ya kwanza mpaka walipokunja meza. Siku ya pili nilikuwa na ubatizo wa kupiga picha. Nimemwachia.

Jina sikulitaja.

Mdogo wako,
Élie


Ndola, tarehe 13 mwezi wa tano 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Samaki wamefika, na sikumuuliza Mama Lombe.

Kwa hiyo sasa kuna diski mbili, na moja siyo yetu. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. La kwanza lilipoteza kitu. Hili limeongeza kitu mahali tusipoweza kukiona.

Nenda kesho. Akimaliza, utazame wewe. Yeye akanywe chai. Mwambie familia ya marehemu haitaki mtu wa nje aone. Sharti hilo kila mtu wa Kampemba analielewa. Ukitoka, nakala iwe imefutwa mbele ya macho yako.

Niandikie upesi, hata mistari miwili.

Yaya wako,
Ngalula


Lubumbashi, tarehe 22 mwezi wa tano 2024

Kwako Ya Ngalula,

Jambo sana. Tuko wazima. Baridi imeanza na vumbi lake, kila mtu anakohoa. Nimekawia kwa sababu Mama Lombe alikuwa mgonjwa, hakusafiri. Sasa amepona, anakusalimu.

Vitu vimerudi. Si vyote.

Nilipofika kwa Précieux alikuwa ameshamaliza. Majina yote yamepotea. Kila video ina namba tu, na zako, za harusi, na nyingine za zamani nilizozifuta miaka iliyopita zimechanganyika zote. Ili kujua ipi ni ipi lazima uifungue. Nikamwambia habari ya familia na sharti la kilio. Akasema, "Patron, mimi nilishafungua. Ningejuaje kama kazi ilitoka bien?"

Kisha akanionyesha, na alikuwa anacheka bado. Lori linarudi nyuma kuelekea mtoni, taa zimewaka, maji yanaanza kumwagika, halafu kijivu, halafu Plamedie anakata keki.

"Ile ndoa banakatia gâteau ku mutoni?" akaniuliza.

Nimeangalia zote, yaya. Malori yalikuwa mwanzoni mwa volume, na harusi ilimwagwa pale pale. Kila video ya lori imekatika. Namba haisomeki kwenye hata moja. Sauti ya mvua ipo, sauti ya pampu ipo, lakini bila picha zinaweza kuwa za mahali popote.

Mazungumzo yamerudi mazima. Yote, mwanzo mpaka mwisho. Uso ni safi kana kwamba amekaa mbele yako. Jina, depo, nyumba ya tatu baada ya daraja.

Précieux aliacha kucheka hapo. Akapunguza sauti ya kompyuta mwenyewe. Akasema, "Huyu namujua kwa sura. Muke yake anauzishaka vitumbula pembeni ya pont, pale ku daraja." Kisha akaniuliza, "Na wewe, kilio yako njo hii?"

Akasema nisiogope, yeye ni mtu wa disque, si mtu wa maneno. Akasema pia kwamba kuna njia nyingine ya kuyarudisha malori, kuunganisha vipande kimoja kimoja, ila inataka machine yenye nguvu. Anaomba tumpe muda. Mimi niliyavunja, yaya, nataka niyarudishe. Nimechukua diski yetu. Nakala nimemwachia ajaribu.

Mdogo wako,
Élie


Ndola, tarehe 24 mwezi wa tano 2024

Élie,

Nakusalimu. Wasalimie mama Gaëlle na watoto.

Hakuna kujaribu tena. Kilichoandikwa juu yake hakirudi, kwa machine yoyote. Précieux anajua kazi, umeniambia. Basi na hilo analijua. Anataka muda kwa sababu nyingine.

Taarifa yangu ya radio imekufa. Bila namba za malori sina kitu cha kutangaza. Nimeshakubali, na wewe kubali. Uso wa Adalbert uliookoka hautusaidii sisi hata kidogo. Unawasaidia wengine.

Fanya mambo haya leo, kabla hujapiga picha ya mtu yeyote:

Diski yetu, ifute tena, safari hii kwa makusudi, kisha ijaze mpaka juu. Harusi, ubatizo, chochote. Ikishajaa, futa, ujaze tena.

Nenda kwa Précieux, uchukue diski yake. Akikataa, inunue kwa bei anayotaka. Usiondoke bila hiyo.

Nenda Naviundu kwa mguu. Mwambie Adalbert uso wake umeonwa na mtu mmoja ambaye simwamini. Aondoke na mke wake kwenda kwa kaka yake huko Kasenga, wasingoje mshahara. Asikubali kuongea na mtu yeyote anayetaja jina langu kama si wewe.

Mama Lombe anaondoka saa hii. Nimemwomba akupe barua hii mkononi.

Yaya wako,
Ngalula


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Kwako Ya Ngalula,

Jambo, yaya. Sisi tuko wazima.

Barua yako niliipata siku ile ile, mkononi, kama ulivyotaka. Diski yetu niliijaza mara mbili. Hilo nililifanya vizuri.

Kwa Précieux nilikuta meza imefunikwa. Jirani yake alisema amesafiri, kesho atarudi. Kesho yake alirudi, akanipokea vizuri, akaninunulia Fanta. Akasema diski iko kule Karavia, kwa rafiki yake mwenye machine kubwa, malori mawili yameanza kuonekana, nimpe mpaka mwisho wa juma. Nilimwamini, yaya. Naandika bila kupunguza: nilitaka kukuletea namba hizo. Nilifikiri nikienda Naviundu na habari mbaya tu nitamtisha mtu bure, ilhali siku chache mbele ningeenda na habari nzuri. Basi nikangoja. Mwisho wa juma meza ilikuwa haipo. Si kufunikwa: haipo. Simu yake haiiti.

Ndipo nikaenda Naviundu.

Mama Constance, mke wa Adalbert, alikuwa amekaa na beseni la vitumbula mbele yake. Nilipojitambulisha alinyanyuka, akanishika mikono miwili.

"Wewe njo mudogo wa Mama Ngalula! Karibu, papa. Bantu ba yaya yako balikuya hapa Alhamisi."

Nikamuuliza watu gani.

"Batatu, na voiture moja ya muzuri. Balipiga odi kabisa. Bantu ba adabu. Miye niliogopa, na Adalbert aliogopa. Alishafika ku mulango ya nyuma, akimbie. Njo mukubwa wao akasema, tuko bantu ba Mama Ngalula wa radio. Akatosha telephone mu mufuko, akamuonyesha Adalbert video, ile alikuwa anaongea na yaya yako. Adalbert akacheka! Akaniambia, 'Constance, acha woga, ni bantu ba Mama Ngalula. Hii video hakuna muntu mwingine iko nayo.'"

Walimwambia sauti ya mara ya kwanza haikutoka vizuri, yaya yangu anamngoja mahali salama warekodi tena. Alijifunga mkanda, akavaa veste, koti lake la Jumapili. Alimuuliza mkewe kama kola imekaa sawa. Akaingia ndani ya gari mwenyewe, akakaa mbele.

Mama Constance alinifungia vitumbula ndani ya gazeti, akakataa pesa. Hana hasira na mtu. Anakushukuru kwa kumtunza mume wake. Anauliza kazi itaisha siku gani, kwa sababu Adalbert hakuchukua sweta na huko ulikompeleka labda kuna baridi.

Nimwambie nini?

Mdogo wako,
Élie


Ndola, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Élie,

Mama Lombe amekubali kurudi leo leo bila bidhaa. Naandika yeye akiwa amesimama mlangoni.

Mwambie Constance ukweli. Sikumtuma mtu. Usingoje nifike, usitafute maneno ya kulainisha, usimpelekee mchungaji kwanza. Kila saa anayoamini kwamba mume wake yuko kwangu ni saa ambayo hakuna anayemtafuta, na wale watu wanajua hivyo. Ndiyo maana walipiga hodi.

Atakuuliza video waliipata wapi. Mjibu. Sema ni diski ya studio yako na kazi ya dada yako. Atakachotutamkia, kipokee.

Kisha mpeleke wewe mwenyewe kutoa taarifa, mwingie na watu wa parokia yake, wengi iwezekanavyo, mchana. Aseme rangi ya gari, aseme veste.

Nimeshaongea na radio. Jioni hii watasoma jina lake lote, depo aliyokuwa akilinda na aliyoyaona mtoni. Bila malori wenye depo wanaweza kunishtaki, na wanishtaki. Nilimwahidi mtu yule kwamba hakuna atakayemwona. Nilipokuwa nikilishika neno hilo, walikuwa wameshamwona wale tu waliomtaka. Sasa inafaa mji mzima umwone.

Mwombe Constance picha. Ya harusi, ya kadi ya uchaguzi, yoyote aliyo nayo, mradi uso uonekane vizuri. Wewe na mimi tulizokuwa nazo tumezifuta. Mpe Mama Lombe picha hiyo. Nitakuwa Kasumbalesa kesho, upande wenu wa mpaka, naingoja.

Yaya wako,
Ngalula